Gitaa la Mapajani

Nangara, Babati
13 Juni 2024

Kwako Dada Edda,

Shikamoo. Habari za Dodoma, na za shemeji na mtoto Noela? Goti la shemeji limepata nafuu? Sisi huku tu wazima, mahindi ya Sigino yamekauka vizuri, na mama anakula. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningekuambia hayo tu, kisha nikakata.

Ni habari za mdogo wetu Damasi. Unakumbuka mashine ya kupukuchua mahindi ilivyomwumiza mkono wa kushoto, vidole vitatu vikagoma kukunjika. Ulilia sana. Mimi pia nililia, lakini Jumapili iliyofuata nilikaa kwenye kiti chake kwayani nikashika gitaa la solo, mimi niliyemfuata kwa gitaa la ridhimu miaka tisa. Dada, nilifurahi.

Miezi minane hakugusa gitaa. Kisha akaona kwenye simu mzee mmoja wa Marekani akipiga muziki wa bluzi, gitaa limelala mapajani, habonyezi nyuzi kwa vidole, anatelezesha chuma juu yake. Damasi akaomba gereji pini ya pistoni iwe chuma chake cha kutelezesha, akainua nyuzi kwa kipande cha mti wa mninga, akazilegeza mpaka zikapatana zenyewe bila kubonyezwa. Wiki za kwanza ilikuwa kelele kama ya bawaba kavu. Nilimwambia asijitese. Kumbe nilikuwa naomba asiweze.

Aliweza. Aliuchukua ule wimbo wa Kigorowa ambao mama huimba akipepeta, akaupiga polepole kibluzi, sauti ikipanda na kushuka kama ya mtu anayezuia kilio. Mama akaweka ungo chini. Mimi hajawahi kuniwekea ungo chini. Kwenye harusi ya binamu yetu Katarina kule Singe waliniomba nipunguze sauti ili wamsikie yeye.

Sasa sikia lililonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita alikuja mgeni kutoka Arusha, Bwana Luqmani, aliyekuwa anaandaa onyesho la bluzi. Damasi alikuwa shambani. Mgeni aliniuliza yuko wapi yule ndugu anayepigia gitaa mapajani. Nilimwambia mkono umezidi kuharibika, ameacha kabisa. Halafu nikajitolea mimi, nikampigia nyimbo tatu. Alinishukuru kwa adabu, akaacha chai nusu kikombe, akaondoka.

Onyesho limefanyika Jumamosi iliyopita. Jumapili baada ya misa nilimweleza Damasi yote. Nilitegemea anipige. Aliniuliza tu, "Ulimpigia zipi?" Nikamtajia. Akasema, "Ile ya pili huwa unaikimbiza," akaingia ndani.

Nimempigia simu Bwana Luqmani na kukiri kwamba nilidanganya. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema atafikiria. Sijui atafikiria nini.

Tangu Jumapili Damasi anapiga nikiwa sipo. Nikifika mlangoni, ananyamaza. Juzi nilisimama nje ya ua karibu nusu saa, nikimsikiliza, na wivu, dada, ulikuwa palepale, haukupungua hata kidogo. Ila sikutaka aache.

Njoo ukipata likizo. Usimsemee yeye wala mimi. Kaa tu sebuleni umwombe apige, nami nitakuja nikae karibu na wewe.

Mama anakusalimu, anauliza kama Noela ameshaota meno ya mbele. Mpe shemeji mkono wangu.

Mdogo wako,
Wilbert