Kabla ya Kumletea Sultani Mwenzake

Jumapili. Mvua tangu alfajiri, Ujiji yote tope, ziwa limefunikwa na ukungu. Sikwenda kanisani. Nina furaha ambayo haifai kupelekwa kanisani.

Leo mume wangu kamwita kasuku wake, na kasuku hakumjibu.

Baba Tumaini anafanya kazi bandarini Kigoma. Ana kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anaitwa Sultani, aliyekuwa naye kabla hajanioa. Akirudi jioni humsalimia yeye kwanza, kwa Kiha, "Mwakeye!", salamu ya asubuhi, hata kama jua linazama. Ndege humrudishia vilevile, wakacheka wote wawili. Mimi salamu yangu huja baadaye, pamoja na swali la ugali.

Nilizoea. Mtu huzoea mengi.

Kisha baba yangu akafa.

Alizikwa Kidahwe, nyumbani kwetu. Kidahwe si safari. Ukitoka hapa baada ya chai, unafika bado umeshiba. Mume wangu hakuja. Siku ya kuzika hakuja, siku ya kuanua matanga hakuja. Aliniambia kwa simu: "Mama Tumaini, Sultani ameanza kujinyonyoa manyoya. Nikimwacha nitamkuta amekufa."

Ndugu zangu niliwaambia mkwe amebanwa na meli. Kaka yangu akaniangalia tu. Lakini habari za Ujiji hazichelewi kufika Kidahwe, na shangazi alishazipata. Tulikuwa jikoni na wanawake wengine tunamenya mihogo, akasema kwa sauti: "Mwacheni mkwe wetu. Analea."

Walicheka. Na mimi nilicheka. Kisha nikachukua muhogo mwingine.

Niliporudi sikugomba. Nilipika, nilifua, nikamuuliza hali ya Sultani. Akadhani yameisha.

Ndege naye hakuacha kujinyonyoa, kifua kikabaki ngozi. Tukampeleka kwa daktari wa mifugo, mama mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya. Akasema ni upweke. Mchana kutwa mimi nipo nyumbani na cherehani yangu, lakini Sultani mimi hanihesabu. Kama tunaweza, akasema, tumtafutie mwenzake, ila tufikirie kwanza. Wa pili atengwe wiki kadhaa chumba kingine, asije akamwambukiza huyu. Kila mmoja awe na kizimba chake, maana wanaweza kuumizana. Kibali cha watu wa wanyamapori kiwepo. Na kelele zitakuwa mara mbili.

Hapo simu ya mume wangu ikaita, akatoka nje. Daktari akaendelea na mimi.

"Jambo la mwisho, mama. Hawa wawili wakipendana, huyu wa zamani anaweza asimtake tena mumeo. Wengine hata kusema huacha. Mwambie ajiandae."

"Nitamwambia," nikasema.

Sikumwambia.

Kuanzia siku ile hakuna aliyemtetea ndege wa pili kama mimi. Alipoogopa majirani watalalamikia kelele, nikasema majirani wana muziki wao na hatujawahi kuwasema. Alipouliza kizimba cha pili kitakaa wapi, niliondoa cherehani yangu penye mwanga wa dirisha, nikaipeleka kwenye kona yenye giza. Akanishika mkono. "Una moyo mzuri sana, Mama Tumaini."

Nilitaka kuona aibu. Nikamkumbuka shangazi na mihogo yake, aibu ikapita.

Tulimpata kwa mwalimu mmoja wa kule Katonga aliyehamishiwa Tabora. Ndege anaitwa Bahati, na kibali chake kilikuwepo. Kama ni jike au dume hatujui, kwa macho tu hata daktari hawezi kujua. Alikaa chumba cha Tumaini, maana binti yetu yuko shule ya bweni, na mimi ndiye niliyemlisha chikichi na karanga, nikinawa mikono kabla sijamgusa Sultani. Bahati hukohoa kimwalimu, kisha husema, "Kaeni chini!" Nami nilikuwa nakaa. Hakuna mwingine katika nyumba hii aliyewahi kuniambia nikae.

Vizimba viliposogezwa karibu, mwanzoni ilikuwa vita. Sultani alipiga mbawa, akauma vyuma, mume wangu akataka tuache. Nikamwambia asubiri. Taratibu wakaanza kusogeleana. Wiki hii tumewafungulia.

Leo amerudi kutoka kanisani amelowa, hata viatu hajavua. "Mwakeye!"

Sultani alikuwa ameinamisha kichwa, Bahati anamchambua manyoya ya shingoni. Hakugeuka. Mume wangu akarudia. Akapiga mluzi. Mwishowe akanyoosha kidole, na Sultani akamuuma mpaka damu ikatoka.

Mimi nilikuwa nakatakata kitunguu. Sikupitwa na chochote.

Akakaa mkekani, kidole mdomoni. "Mbona hanitaki?" Kisha akasema, "Tumrudishe huyu mwingine."

"Daktari aliniambia itakuwa hivi," nikasema. "Ulikuwa nje na simu yako."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya baba."

Akakitazama kidole chake. Nadhani alikuwa anatafuta jibu la mtu aliyebanwa na meli. "Nilimpenda mzee," akasema. "Mungu anajua."

"Mungu hakuwa anamenya mihogo pale jikoni."

Akanyanyuka, akatoka barazani. Yuko huko hadi sasa, amewapa mgongo ndege na mimi, anatazama mvua.

Ninachoandika sasa sitakisema kwa mtu. Kifua cha Sultani kimeanza kuota manyoya, laini kama pamba. Ndege amepona. Mtu aliyekosa mazishi kwa ajili ya manyoya yale angepaswa kushukuru leo, lakini hata kuyatazama hawezi.

Nilidhani ikifika siku hii nitamwonea huruma. Nimekaa naingoja. Labda mvua imeichelewesha.

Je, mimi ni mtu mbaya? Swali hilo nitajiuliza siku ambayo yeye atapanda gari, peke yake, bila kusukumwa, akafika Kidahwe na kumwambia kaka yangu ukweli kwa mdomo wake mwenyewe. Kabla ya hapo, chai yake nitammiminia, nguo zake nitafua.

Bahati harudi kokote.