Kamera ya Mfuko wa Kushoto

Alhamisi, 14 Machi 2019

Leo miezi sita. Nimebandika tangazo la kifo cha Lyuben kwenye mlango wa jengo, juu ya lile la siku arobaini. Picha ile ile ya kitambulisho. Shingo kama kijiti, macho kama ya mtu anayesubiri adhabu. Si yeye! Mwanangu hakuwahi kutulia hivyo hata alipolala.

Mama wa duka la kuchapa aliniuliza juzi kama hatuna nyingine. Hatuna. Miaka ishirini na minne, hatuna. Za utotoni zipo, ndiyo, lakini nani atabandika mtoto wa miaka tisa mlangoni? Tangu alipopata kamera, yeye ndiye mpigaji. Nimepitia kompyuta yake yote. Picha elfu kumi na tatu. Mama yake akimenya viazi. Dada yake akipiga chafya. Njiwa. Mgongo wangu. Tena mgongo wangu. Yeye mwenyewe – kivuli kimoja juu ya theluji, na kiwiko kwenye kioo cha duka.

Kiwiko!

Basi nimeamua. Kuanzia sasa natembea na kamera kila siku. Nina mke na binti. Sitakutwa mikono mitupu tena.

Jumapili, 17 Machi

Nimefungua droo yake. Vesela alisimama mlangoni, akaona, akaenda zake jikoni. Siku hizi mke wangu hasemi kitu.

Kamera tatu. Kubwa nyeusi, lenzi yake ndefu kama chupa ya pombe ya rakia. Ya marehemu babu yake, ya filamu, kwenye mkoba wa ngozi – inanuka tumbaku hadi leo. Na ndogo ya fedha, imechubuka pembe, kadi yake ya picha tupu, inatosha kiganjani.

Nitaanza na kubwa. Kubwa ndiyo aliyoipenda. Nadhani.

Jumatano, 20 Machi

Kubwa haifai. Fundi wa lifti hawezi kuvaa jiwe shingoni. Leo nikiwa juu ya kibanda cha lifti, ghorofa ya saba, ikanizunguka ikagonga reli – nikahisi nimemgonga yeye. Halafu Traycho, mwenzangu wa kazi, kila nikiitoa anapiga kelele ngazi nzima: "Wapisheni! Mtalii amefika! Bwana Ognyan, nipige na bisibisi, nimtumie mama mkwe!"

Kila mtu akicheka nami nikacheka. Halafu nikaenda chini kwenye shimo la lifti nikakaa kidogo.

Jumatatu, 25 Machi

Ya babu nayo hapana. Ukishapima mwanga, ukazungusha hiki na kile, binti yangu Kalina ameshamaliza kula na kwenda shule. Picha thelathini na sita, zimetoka nne. Mzee Garabed, fundi wa kamera pale karibu na soko, amezitazama akakuna ndevu.

"Fundi," akaniambia, "unatafuta kamera au unatafuta mtu?"

Amemjua Lyuben tangu shule ya msingi. Akaniletea kahawa, tukanywa.

Jumanne, 26 Machi

Ndogo! Ndogo ndiyo yenyewe. Inaingia mfuko wa kushoto wa ovaroli, kitufe nakipata kwa kidole gumba bila kuangalia, hata nikiwa na grisi. Hakuna anayeiona. Leo nimempiga Vesela akianika shuka. Hakujua. Upepo umemfunika uso nusu, lakini ni yeye.

Nimeiweka mezani karibu na sahani yangu. Nimeizoea kama miwani.

Alhamisi, 4 Aprili

Picha mia mbili na tisa. Kalina akifunga kamba za viatu. Kalina akisubiri basi. Vesela mkono wake tu, kwenye beseni. Vesela ameanza kunigeuzia mgongo nikiingia. Napiga mgongo.

Jumamosi, 6 Aprili

Nitaandika hili mara moja, basi.

Mwisho wa Agosti tulikuwa tunachoma pilipili hoho kwenye baraza, za majira ya baridi. Moshi, maganda, mitungi kila mahali. Lyuben akaegesha kamera juu ya mtungi. Akasema njooni wote wanne, inajipiga yenyewe, sekunde kumi tu. Mama yake akavua aproni. Kalina akajipanga. Mimi nikasema – mimi! – acha upuuzi, pilipili zinaungua. Mtu mzima, kazi yako kubofya bofya.

Akasema, "Haya, baba." Akaitoa juu ya mtungi.

Siku kumi na sita baadaye, pikipiki, njia ya Byala, lori.

Sekunde kumi. Pilipili zenyewe ziko stoo. Hakuna anayezigusa.

Ijumaa, 12 Aprili

Kumeharibika. Kalina ametoka bafuni, kichwa kwenye taulo, nami nikainua kamera. Sikuwaza lolote baya, nilitaka tu ile taulo, inavyomkaa kama mama yake enzi zile. Akanipiga mkono.

"Baba, unanipiga ya mlangoni?"

Nikasema mwanangu, usiseme hivyo.

"Sasa ya nini? Nikila, unapiga. Nikikohoa, unapiga. Unanitazama kama nimeshakufa! Mimi nipo, baba! Niangalie bila hicho kidude!"

Vesela alikuwa kwenye korido. Nilidhani atamkemea. Akamkumbatia, wakaingia chumbani, wakafunga.

Ana miaka kumi na saba. Nimekaa na kamera mapajani. Haki yake. Lakini kesho akitoka mlangoni asirudi? Nani atanikopesha sura yake?

Jumatatu, 15 Aprili

Kitufe kimekwama. Nimeipeleka kwa mzee Garabed baada ya kazi. Ameigeuza mara moja tu, akaiweka chini.

"Hiki kitufe nilishakitengeneza. Septemba. Lyuben alikuja kuichukua tarehe kumi na tatu."

Siku moja kabla.

Nikasema vizuri, basi unaijua. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mzee wa watu alitaka ardhi ipasuke.

"Fundi, hii si yake. Aliniambia ni ya mtu, amemwahidi kuirudisha Jumapili. Oktoba akaja mwanamke kuiulizia. Nikamwambia imeshachukuliwa. Akajua imeenda wapi. Hakuuliza tena, alilia tu hapo ulipo."

Mwanamke gani? Mzee Garabed akasema hajui jina, ila alimtaja Kalina, muulize binti yako.

Jumanne, 16 Aprili

Nimemuuliza. Kalina alikuwa anajua! Mwaka na nusu!

Anaitwa Zornitsa. Anaoka mikate katika duka moja huko Razgrad. Ana miaka thelathini na mmoja, aliolewa, akaachika. Walikuwa wanatafuta nyumba ya kupanga.

Nikasema, kwa nini hakuniambia? Mimi ni baba yake!

Kalina akanitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonimaliza.

"Alijua utasema nini, baba."

Na ningesema. Maneno yote ninayajua, yako hapa ulimini, mwachika, mkubwa kwako, hapa kwetu hakuna wasichana? Ningeyasema mezani, mbele ya wote.

Kalina anasema kwenye mazishi alisimama nyuma, karibu na bomba la maji, koti la kahawia. Namkumbuka. Nilidhani ni mtu wa kazini kwao. Nilimpa mkono nikamshukuru kwa kufika. Nilimshukuru kwa kufika!

Jumatano, 17 Aprili

Vesela amezungumza. Nilipomweleza aliacha kisu, akaniuliza kama yule mwanamke ana picha za Lyuben. Nikasema sijui. Akasema, "Mpigie." Ni maneno ya kwanza aliyoniambia wiki hii.

Nimempa Kalina simu. Yeye ndiye aliyempigia Zornitsa. Jumapili ni siku ya jina la Kalina, sikukuu ya matawi, wenye majina ya mimea husherehekewa, na siku ya jina mgeni hahitaji kualikwa, anakuja tu. Kalina alimwambia hivyo hivyo: njoo tu.

Nimeipeleka kwa Garabed akakisafisha kitufe. Hataki malipo. Nimeirudisha mfukoni.

Jumapili, 21 Aprili

Amekuja. Yuko sebuleni sasa hivi na Vesela na Kalina. Nimesema naenda kupika kahawa.

Mdogo wa umbo, mikono myekundu ya tanuri. Amemletea Kalina maua na mkate wa kusuka, kisha akasimama kwenye mkeka kama mdaiwa mpaka Vesela alipomvua koti yeye mwenyewe. Hakuna aliyejua tuanzie wapi. Kalina akasema, "Dada Zori, zitoe."

Bahasha. Picha kumi na nne. Amezisafisha kwenye karatasi, akazipanga juu ya kitambaa cha meza moja moja.

Lyuben anamenya chungwa. Lyuben amelala na kitabu usoni. Lyuben kwenye treni. Lyuben ana unga kwenye nyusi, anacheka – mdomo wazi, fizi nje, macho yamepotea. Ule mcheko sijapata kuuona. Miaka ishirini na minne katika nyumba hii! Nilimlisha, nilimvisha, ule mcheko alikuwa anausafirisha Razgrad.

Vesela akaichukua ya unga, akaiweka kifuani, akatoa sauti ambayo sitaiandika. Zornitsa akapiga magoti pale chini akamshika miguu. Wakalia kama watu waliofahamiana miaka. Mimi nikasimama pembeni na sahani ya keki.

Amesema hizi nakala ni zetu, zote. Kisha, akiangalia chini:

"Baba, nina ombi moja tu. Kuna kamera ndogo. Niliibeba kila siku, hizi zote nilizipiga nayo. Kama mnayo, na kama haiwaumizi… Sina kitu kingine alichokishika siku zake za mwisho."

Kalina akanitazama. Vesela hakunitazama.

Nikasema kahawa.

Iko hapa mfuko wa kushoto. Nimevaa suti na bado iko mfuko wa kushoto. Picha mia tano na thelathini za hawa wawili zimo ndani, hizo naweza kuzihamisha, sijifanyi sijui. Si picha. Asubuhi bila hiyo mfukoni siwezi kutoka nje ya huu mlango. Nimejaribu jana, nikarudi kutoka ghorofa ya pili.

Na yeye je? Miezi saba anatoka vipi?

Kahawa inapanda. Nimeizima. Imepanda tena, kumbe sikuizima.

Vesela amekuja. Amesimama mlangoni, macho mekundu, amenyoosha mkono, kiganja juu. Nimempa kikombe. Amekiweka kando, akanyoosha tena, kuelekea mfuko wa kushoto.