Lengo la Tatu Kwenye Fomu ya Binti Yangu

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, na sijui nianzie wapi ila nianzie kwenye fomu, maana ndiyo inayoninyima raha, iko hapa mezani chini ya mkasi wangu na kila nikikata kitambaa naiona. Mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni, nina wavulana wawili wakubwa na kitindamimba wangu wa kike, miaka kumi na tano, ambaye akili yake inakwenda taratibu, anaelewa ila umpe muda, na mwezi ujao anaingia sekondari kwenye kitengo cha elimu maalum.

Sasa huko kuna mwalimu, kijana ambaye hata ndevu hazijamkaa sawa, alituita wiki iliyopita kupanga malengo ya mwaka, akawa anamuuliza binti anapenda nini, nini kinamsumbua, nami nikawa najibu kwa sababu mtoto mwenyewe angetuweka pale mpaka jioni, nikasema nataka aandike insha kama wenzake. Mwalimu akaniomba nikapige nakala ya cheti cha kliniki kwa karani. Niliporudi nikawakuta kimya, mlango ulikuwa wazi, ndiyo, na msaidizi wa kike alikuwemo, lakini walikaa kama watu waliokwisha kukubaliana jambo.

Fomu ilipofika, lengo la kwanza ni kusoma ratiba na kufika darasani bila kushikwa mkono, sawa, la pili ni kusema "sijaelewa", sawa, la tatu nakunukulia: "Atafunga na kufungua komeo la mlango wa choo mwenyewe, mara nne kati ya tano, kabla ya muhula wa kwanza kuisha." Insha haipo. Mtoto anakwenda sekondari kusomea komeo? Na mwanamume anawazaje mlango wa choo cha binti yangu? Nikampigia simu, akasema, "Mama, hilo limetoka kwake mwenyewe, na mazoezi atafanya na msaidizi wa kike." Mbona anajitetea na mimi sijamshtaki? Nikamuuliza binti, "Sema ukweli, mwalimu ndiye aliyekufundisha kusema hivyo?" Akaangalia chini, akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikonimaliza.

Isitoshe komeo lenyewe halijui, kwangu niliyang'oa yote tangu alipojifungia bafuni akiwa na miaka sita tukavunja mlango, tangu hapo ni pazia tu na hajawahi kulalamika, kaka zake wanaingia kuchukua miswaki, mimi naingia kumsugua mgongo, maisha yanakwenda. Ukaidi wake ni mmoja tu, tangu mwaka jana anaoga na gauni mwilini, na magauni hayo nashona mimi, yanachakaa. Nisiposaini kufikia Ijumaa ataingia darasani bila msaidizi, na shule ya wanafunzi mia nane itammeza. Nikisaini namkabidhi kwa mtu nisiyemwamini. Nifanyeje?

Mama Fundi

*

Mama Fundi,

Wasiwasi wako siucheki. Binti asiyeweza kujieleza haraka anahitaji mama mwenye macho, na kumuuliza mwalimu nani atakuwa naye, wapi na saa ngapi si kumkosea adabu. Dai umwone huyo msaidizi, mwongee. Mwalimu mwema hatanuna. Ila barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara shaka yangu inatoka shuleni kwao inahamia bafuni kwako.

Mwalimu umemjua wiki iliyopita. Gauni lilianza mwaka jana. Sasa nani kamfundisha? Binti wa miaka kumi na tano anaoga nyuma ya pazia huku vijana wawili wanapishana kufuata miswaki. Hana komeo, maneno yake hayaji haraka, akabaki na gauni. Unasema hajawahi kulalamika. Mama, huko ndiko kulalamika, na wewe ulikuwa unakuanika kwenye kamba kila siku pamoja na gauni.

Halafu anatokea mtu wa kumuuliza nini kinamsumbua, unamjibia wewe. Ulipotoka kwenda kwa karani ndipo alipopata nafasi. Wewe ukaona njama. Mimi naona mtoto aliyetoka kusema jambo lililomkaa kooni mwaka mzima.

Insha si mbaya, iombe iwe lengo la nne, kama mwenyewe anaitaka. Lakini vyoo vya shule ya watu mia nane vina wa kusukuma milango na kucheka, na atavitumia kila siku ya Mungu.

Leo hii miswaki itoke bafuni, na wavulana wakae mbali mpaka dada yao atoke. Mgongo ajisugue. Mwite seremala aweke mlango, na komeo linalofunguka kwa nje akikwama, ili na hofu yako ipumzike. Kisha mkiwa wawili tu, muulize kama kuna mtu, wa nyumbani au wa nje, aliyewahi kumgusa au kumchungulia. Sisemi yupo. Nasema uliza, na usimwekee jina mdomoni kama ulivyofanya kwa mwalimu. Akimtaja mtu, mpeleke kliniki na polisi siku hiyohiyo, hata mtu huyo awe nani.

Alhamisi rudini shuleni na fomu ikiwa haijasainiwa. Binti akae karibu na mwalimu, wewe kaa pembeni. Mwalimu asome lengo la tatu kwa sauti, amuulize binti kama ndilo analolitaka. Hapo, mama, funga mdomo. Hesabu kimoyomoyo hadi mia. Ukifika mia bado hajasema, anza tena moja. Jibu lake likitoka, ndipo ushike kalamu.