Diferensiali ya Kamionete ya Marehemu Sévère

Nyamianda, Uvira
14 Julai 1956

Mpendwa shemeji Generose,

Pokea salamu za mtu anayeandika huku mikono inanuka mafuta ya gari. Ukiona alama ya kidole kwenye karatasi usidhani ni muhuri wa posta. Habari za afya yako? Lile goti limepoa, au bado linakutabiria mvua? Na binti yetu Spès, mumewe na wajukuu, wanaendeleaje huko Albertville? Sisi hapa tunamshukuru Mungu. Mke wangu Concilie alishikwa na kikohozi tangu Pasaka, lakini amepona, na nimejua amepona kwa sababu ameanza tena kunigombeza.

Kiangazi mwaka huu ni kikali. Vumbi la Ruzizi linaingia mpaka ndani ya chungu, na kule Runingu watu wako shambani wanavuna pamba.

Mtoto wetu Libérat ni mzima. Narudia: mwanao ni mzima. Nasema hivyo mapema kwa sababu maneno ya watu hupanda meli kabla ya barua, na huenda umekwisha kusikia kwamba gari lilimharibikia mlimani Ngomo. Ni kweli. Alipata uvimbe kwenye paji la uso, ukaisha baada ya juma moja. Acha nikueleze ilivyokuwa, maana kosa ni langu.

Unajua nafanya kazi kwa yule Mgiriki mwenye duka la vitambaa. Ana gari la zamani, la kabla ya vita, na mwezi wa nane anataka kuliingiza katika mashindano ya magari ya kutoka Usumbura mpaka Bukavu. Yeye ataendesha, na Libérat atakaa kando yake kama fundi. Mwezi wa tano tulikuwa tunalijaribu, nikaishiwa na mafuta mazito ya diferensiali, yaani lile jungu la chuma lililo nyuma, lenye meno ya kuzungusha magurudumu. Mafuta mengine yalikuwa bado hayajafika. Basi mimi, mwenye miaka kumi na tisa katika kazi ya ufundi, nikamimina mawese.

Usicheke. Kwa joto letu la hapa ziwani mawese yalikwenda vizuri kabisa, gari likanyamaza kama mtoto aliyenyonya. Lakini Libérat alilipeleka Bukavu akalala huko, na Bukavu kuna baridi. Wewe umepika kwa mawese maisha yako yote, ungeniambia yanafanya nini penye baridi. Asubuhi yalikuwa yameganda pembeni mwa jungu, na meno yakawa yanasagana makavu. Akiwa anateremka Ngomo, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, yakakatika. Injini haikuweza tena kulizuia gari, breki zikapata moto zikaacha kushika, na mtoto akaligongesha kwa makusudi kwenye udongo wa upande wa mlima. Angelikosea mkono kidogo, leo nisingekuwa na uso wa kukuandikia. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo maana nimekuambia yote. Nisamehe, shemeji. Majuma mawili nilishindwa kula mchuzi mwekundu, na Concilie akadhani nimechoka na mapishi yake.

Sasa gari linataka diferensiali nyingine. Mgiriki ameleta moja kutoka Usumbura, inang'aa vizuri, lakini ni pacha wa ile iliyovunjika, na meno yake ni membamba vilevile, ya gari la kwendea misa. Ya lori kubwa haiingii. Nimepima, magurudumu yangetokeza nje kama viwiko vya mtu anayegombana. Inayofaa katika nchi hii yote naijua moja tu. Ni ile ya kamionete, kile kigari cha mizigo cha marehemu kaka yangu, mume wako.

Tuliifunga pamoja, mimi na Sévère, kwa hiyo tabia yake naijua. Ukizungusha magurudumu mara moja, ule mti wa chuma unaotoka kwenye injini unazunguka karibu mara tano. Kwa gari la Mgiriki hauzunguki hata mara nne. Maana yake bondeni tutakwenda polepole na wenzetu watatupita wakituachia vumbi. Lakini Ngomo gari litapanda bila kulia, na likiteremka injini italishika. Nilimweleza Mgiriki, akajikuna kichwa, kisha akasema, "Basile, weye chagua. Miye napenda kufika." Kwa mtu anayependa kushinda, hilo lilikuwa neno la kiungwana.

Lakini sisahau siku ya kuganduka, tulipomaliza kilio na kunywa ile pombe ya kuwarudisha watu kazini. Ulisimama mbele ya wazee ukasema gari la mume wako lisiguswe na mtu mpaka utakaporudi wewe mwenyewe. Neno la siku ile halivunjwi na shemeji mwenye spana. Juma lililopita nilikwenda kulitazama nyumbani kwako Runingu. Paa la nyasi nililoliwekea bado ni zima, na kuna kuku anayetagia kwenye kiti chako, amekirithi bila kuuliza mtu. Nikalala chini ya gari nikatazama tu, sikugusa hata boliti moja. Halijavuja tone. Nikakumbuka kaka alivyokuwa akilala pale pale, miguu nje, akiniagiza spana bila kutaja namba na kukasirika nikileta siyo. Nililia, shemeji, na mvi zangu hizi.

Wapo wanaoniambia chuma ni chuma. Mimi sikubali. Ndani ya gari lile ulikuja kwetu bibi harusi, na ndani yake tulimpeleka Sévère hospitali.

Nilipomwambia Libérat, nilidhani atafurahi. Aliweka nyundo chini akasema, "Baba mdogo, ile chuma iko ya baba, lakini neno iko ya mama. Mama akikataa, nitaenda na hii ya Usumbura." Nikamwambia basi asiende kabisa. Akacheka kicheko kile cha baba yake, unakijua. Ana miaka ishirini na minne, simwezi.

Mambo yamefika hapo. Libérat atapita Ngomo, ama na meno yale membamba, ama na meno ya baba yake. Mashindano ni tarehe 19 Agosti. Jibu likija na meli ya mwisho wa mwezi huu, nitapata muda wa kufungua, kusafisha na kufunga. Ukikataa sitakulaumu, na kamionete itabaki na paa lake na kuku wake.

Concilie anakusalimu sana, na dada Inamahoro, na Pontien jirani yako wa Runingu, anayelinda lile paa dhidi ya mbuzi. Nisalimie Spès na nyumba yake yote, mtoto kwa mtoto. Mungu aliyekufikisha salama huko kusini mwa ziwa akuongezee nguvu na usingizi mzuri.

Nimebakiza jambo moja, nalo limenisumbua kuliko mengine. Miaka miwili sasa barua zako zote zinakuja kwa jina langu. Najua ulitaka Libérat awe mwalimu, na najua ulivyoumia alipoacha shule akashika spana. Lakini kila meli ikifika bandarini Kalundu anakuja kwangu, eti kuazima bisibisi, na bisibisi anazo tatu. Anaichukua bahasha, anasoma jina, ananirudishia, anaondoka. Kwa hiyo, shemeji yangu, liwe ndiyo au liwe hapana, jibu lako usiniandikie mimi. Mwandikie yeye.

Wako akupendaye,
shemeji yako Basile