Maneno Aliyoyafuta Bi Fradel

Kwa msaada wa Mbinguni
Williamsburg, wiki moja baada ya sikukuu ya Purim

Mdogo wangu mpendwa Hindy,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Anshel na watoto wote. Natumaini barua hii inawakuta wazima hapo Antwerp, na kwamba masikio ya kitinda mimba wako yamepona. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Binti yangu Tichi ameonana na yule kijana wa Monsey, na mshenga alisema mambo yanakwenda vizuri. Hayo tuyaache kwanza, maana nina hasira, na nisipokueleza wewe nitapasuka.

Zahanati ya akina mama ya hapa mtaani iliniomba nitafsiri kijikaratasi kwa Kiyidi: namna mwanamke anavyojipima matiti nyumbani. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Kiyidi si ndicho ninachogombania bei ya samaki kila Alhamisi? Kumbe! Nilikaa jikoni siku nzima, unga wa mkate wa Sabato ukiumuka pembeni, natafuta maneno. Lugha yetu, Hindy, ina majina mengi ya wajinga kuliko wajinga wenyewe. Kipindupindu tunakitaja kila siku tukimlaani dereva wa basi la shule. Lakini saratani? Tunasema "ule ugonjwa", kisha tunatema mate. Na titi, kwenye maandishi, halitajwi kabisa, kana kwamba sisi sote tulinyonyeshwa na mawingu.

Nikayaandika yote mawili wazi. Bi Fradel Oberlander, anayepitia kila kitu cha zahanati kabla hakijachapwa, akayafuta. Aliniuliza kama nimeingiwa na wazimu. "Mwanangu, watoto wa kiume wakiiokota hii njiani je? Na nani atakuja kuposa kwenye nyumba yenye jina la ule ugonjwa mlangoni?" Nikamwuliza mwanamke atajuaje ajipime wapi. Akasema wanawake wetu wana akili zao, wataelewa. Akaandika: "ule ugonjwa wa mahali pale". Kikachapwa hivyo hivyo!

Jirani yangu Malky alikisoma mara mbili, akaja kuniambia kwa furaha kwamba yeye, ashukuriwe Mungu, hana bawasiri. Wenzetu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilirudi kwa Bi Fradel nikamwambia hiyo si haya, huko ni kuua watu kwa adabu. Akaniambia nipunguze sauti, nina binti wa kuozwa.

Sasa kaa kitako nikwambie kwa nini nimewaka hivi. Nilipokuwa natafsiri, nilitaka kujua kama maelezo yangu yanaeleweka. Nikafunga mlango wa chumba, nikayafuata mstari kwa mstari, vidole vikizunguka taratibu. Upande wa kushoto nikagusa kitu kigumu. Daktari amethibitisha, na nitapasuliwa kabla ya Pasaka.

Huyo daktari aliniuliza mama yetu alifariki kwa ugonjwa gani. Nikajibu moyo, kama tulivyoambiwa. Jioni nikampigia mama mdogo Suri, akalia sana, akakiri kwamba haikuwa moyo. Walificha ili mimi na wewe tupate wachumba. Wachumba tulipata, Hindy. Mama naye alikwenda hospitali kwa kujificha, na alikwenda akiwa amechelewa. Nina uchungu siwezi kukuambia.

Jana nilimpigia mshenga nikamwambia mimi mwenyewe kwamba naumwa, na ugonjwa nikautaja kwa jina lake kamili. Akakata simu. Tichi alilia, kisha akafuta machozi akasema akimbie atakayekimbia.

Wewe kesho asubuhi nenda kwa daktari. Akikuuliza kuhusu mama, usiseme moyo, wala usiseme ule ugonjwa. Sema saratani ya titi. Itamke sasa hivi hapo ulipo, kwa sauti, mdomo uzoee.

Nibusie watoto, na umsalimie mama mkwe wako. Mwambie Anshel aniombee kwa jina langu na la mama: Yitta binti Chava. Wewe akuombee ukiwa tayari kwenye foleni.

Dada yako akupendaye,
Yitta