Chama cha Wanaoanguka

Jumamosi, 1 Februari 1975

Pancha za baiskeli asubuhi nzima, na mnyororo mmoja uliokatika. Halafu foleni ya vidonge pale zahanati, jirani na kibanda changu. Kama kawaida nesi Mwanahawa anaeleza kwa Kiswahili cha Pwani, wagonjwa wa kifafa wanaitika "ndiyo, ndiyo", wakitoka nje wananiuliza mimi: huyu alikuwa anasemaje?

Mimi nimeendesha lori hadi Kampala na Kitwe. Nina lugha nne mdomoni, na Kiingereza cha kuombea maji. Nikamwambia, mtani, hawa wanakuitikia kwa adabu tu, hawajaelewa kitu.

"Mimi Mzaramo," akanijibu, "nimekuja kuwatibu Wasukuma, sikuja kuolewa nao. Wewe si una mdomo mrefu? Utumie."

Basi nimeanzisha chama. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, watu wa kifafa tukae pamoja, kila neno lisemwe mara mbili, Kiswahili na Kisukuma. Mwenyekiti ni mimi. Hakuna aliyenichagua, lakini nani mwingine?

Jumapili, 2 Februari

Mke wangu kacheka hadi kakaa chini. Eti mwenyekiti wa wanaoanguka.

Na mimi nimo. Nilianguka kwenye usukani, barabara ya Biharamulo, karibu na Buseresere. Lori likaingia kwenye mihogo ya watu. Leseni ikaenda. Tangu siku hiyo sina raha, ila watu hawajui, maana sinyamazi.

Jumamosi, 1 Machi

Mkutano wa kwanza. Watu wamezidi benchi.

Yupo Rashidi, mchimbaji wa dhahabu katoka Geita, Kisukuma hajui hata salamu. Yupo Kabula, mama kijana wa kijijini, Kiswahili hajui. Nimewaketisha pamoja makusudi. Wamechekeana tu.

Kabula kaletwa na mumewe, Masanja. Yeye hakuingia. Kaniita pembeni.

"Baba Doto, huyu nimemvumilia vya kutosha. Akianguka tena namrudisha kwao Ushirombo. Mtoto anabaki. Ng'ombe nilishatoa."

Mtoto bado ananyonya. Nikamuuliza, utamnyonyesha wewe? Hakucheka. Sikuipenda ile sura.

Mwanahawa kasema, nikatafsiri: kidonge kila jioni, hata ukijiona mzima, miaka na miaka. Kabula kaitika "wabeja", yaani asante. Nilitafsiri vizuri sana. Redioni wangeniajiri.

Jumamosi, 5 Aprili

Kabula hajaanguka hata mara moja. Rashidi kaanguka mkutanoni, katikati ya hotuba yangu. Watu wakatawanyika, wanaogopa lile povu. Wagonjwa wenyewe! Nikamgeuza ubavu. Kabula alibaki, kamshikia kichwa kwenye kanga yake mpaka kifafa kikaisha.

Jumamosi, 3 Mei

Kabula kaleta jogoo. Mwekundu, mnene. Ni shukrani, katumwa na mama mkwe wake, kwa kuwa nyumbani hakuna tena kuanguka. Tumempokea kwa makofi na vigelegele. Mwanahawa kampika kwa nazi. Nazi kaipata wapi hapa Kahama, sijui. Nimetoa hotuba ndefu, lugha zote mbili. Nimekula paja.

Hakuna siku chama kimenoga kama leo.

Jumatano, 28 Mei

Kabula kaanguka kwenye moto wa kupikia. Mkono wa kushoto umeungua hadi kiwiko.

Vidonge hajameza tangu ile siku ya jogoo. Mwanahawa kafoka kwa Kiswahili: kwa nini, kwa nini? Nikamuuliza mimi, kwa Kisukuma, taratibu. Kabula kalishangaa swali lenyewe.

"Si mlipokea shukrani, baba? Dawa ilifungwa."

Nikakaa chini.

Mambo haya nayajua. Mgonjwa akipona anampelekea mganga shukrani. Mganga akipokea, dawa imefungwa. Ukiendelea kuinywa, unauita ugonjwa urudi. Hapa kila mtoto anajua. Mwanahawa ni mtu wa Pwani, ana udhuru wake. Mimi nimezaliwa hukuhuku. Nilikuwa nahutubia, paja mkononi.

Masanja kasema Ijumaa anampeleka Ushirombo.

Alhamisi, 29 Mei

Sikufanya kazi. Baiskeli za watu zimelala. Najichukia.

Nimewaza hivi. Kama kupokea kulifunga, kurudisha kutafungua. Na mke aliye kwenye dawa harudishwi kwao. Baba mkwe atakuuliza, mbona unaniletea mtu kabla dawa haijaisha? Hilo Masanja analijua.

Nimemwambia Mwanahawa. Kaniambia nimechanganyikiwa. Baadaye kaja kibandani kuuliza tunaondoka saa ngapi. Rashidi naye kasema yumo.

Ijumaa, 30 Mei

Tumewakuta kwa Masanja, hawajaondoka. Jogoo nilimpata sokoni Nyasubi, mwekundu kama yule. Kumrudishia mtu shukrani yake ni tusi. Nilikuwa naogopa, sifichi.

Mama mkwe kamwona jogoo kwapani kwangu.

"Mmemkataa kuku wangu? Mmemla kwanza ndipo mkamkataa?"

"Mayu, mama yangu, tulikosea. Tulipokea mapema. Dawa haijaisha. Huyu mkweo bado yuko kwenye dawa."

"Itaisha lini?"

"Nesi ndiye atakayesema. Mpaka aseme, hatupokei kitu. Hata yai."

Bibi kamgeukia Mwanahawa. Nikamtafsiria. Mwanahawa kapiga magoti pale uani, na gauni lake jeupe, akasema kwa Kiswahili kwamba mwenye kosa ni yeye, hakuijua mila. Hilo sikumfundisha. Nikalisema kwa Kisukuma kama lilivyo.

Rashidi alikuwa anatazama chini.

Bibi kamchukua jogoo, kamwachia uani. Kamwambia mwanawe ashushe mzigo.

Masanja alikuwa kashika baiskeli, nguo za Kabula ziko kwenye keria, zimefungwa kwa mpira. Kanitazama. Kamtazama mama yake. Nilidhani anapanda aondoke. Kisha akaufungua mpira.

Kabula alikuwa amesimama mlangoni. Mtoto alikuwa kwenye mkono wake mzima, ananyonya.

Njiani kurudi sikutania mtu.

Jumamosi, 7 Juni

Mkutano. Nimewaambia kwa lugha zote mbili: chama hakipokei shukrani. Wengine wameona ni majivuno. Na waone.

Kabula hakuja. Mkono bado haujapona, na pale kwa mama mkwe wake wanachuma pamba.

Jioni, watu wakiwa wameondoka, kaja Masanja peke yake. Kaniamkia. Hajawahi. Alikuwa anataka vidonge vya mkewe vya mwezi huu. Mwanahawa kampa, nami nikamweleza. Kayarudia maneno polepole, moja moja, asikosee. Kaifunga bahasha ya vidonge kwenye pembe ya shuka lake, kaikaza kwa meno.

Akauliza kama mwezi ujao anaweza kuja tena yeye.

Nikasema njoo.

Kaondoka. Nikaingiza benchi ndani.