Tarehe ya Muhuri

Dada yangu mpendwa,

Nakusihi barua hii uisome peke yako, kisha uichome. Mama asijue hata neno moja.

Mimi ni mzima. Viatu ulivyoninunulia vinanibana kidogo, lakini navivaa kila siku huku mahakamani, kwenye kazi yangu ya ukarani.

Mwezi uliopita nilipokea rufaa ya mfungwa mmoja, siku moja kabla ya muda wa kukata rufaa kwisha. Mkuu wangu akaniambia, "Sogeza tarehe ya muhuri mbele siku tatu, kijana. Unadhani wino una macho?" Nikagonga. Rufaa ikatupwa kwa kuchelewa.

Mama wa mfungwa huja kila Jumatatu kuuliza. Juzi alinishika mkono. "Wewe tu ndiye unayenisalimia, mwanangu. Wenzako wananiona kama benchi. Nakuombea." Tangu hapo siimalizi Baba Yetu. Nikifika kwenye "utusamehe", narudi mwanzo.

Nimetubu chumbani mara nyingi, na yule mfungwa bado yumo ndani. Kesho asubuhi nitamweleza hakimu. Naogopa sana, dada.

Usipige simu ofisini. Ukitaka kunipata, muulize mlinzi wa lango la mahakama. Akisema hanijui, nitafute gerezani, uniletee Biblia yangu.

Mdogo wako